Pacha wa Nyumba ya Akoko: Riwaya ya Margaret Ogola Isomwapo Mosocho

Huko Mosocho, penye vilima vya Kisii vilivyovikwa migomba na majani ya chai, shule iliyovuma mbali kuliko zote ni shule ya wavulana, nayo inachukua jina la Kardinali Maurice Otunga, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Kisii mwaka 1960 na kupandishwa daraja ya ukardinali mwaka 1973. Vijana waliopita katika madarasa yake, sawasawa na wenzao wa shule nyingine za sekondari nchini Kenya, walitakiwa kwa miaka kadhaa kuisoma, kuichambua na kuijibia mtihani riwaya ambayo kiini chake ni wanawake: bibi aliyezaliwa kabla reli haijafika ziwani, binti yake aliyezika watoto mmoja baada ya mwingine, mjukuu wake aliyekuwa mwalimu, na vitukuu wake wawili pacha waliolelewa katika nyumba moja wakaja kuishi maisha yasiyofanana hata kidogo. Kwamba mvulana wa miaka kumi na saba, mrithi wa shamba na wa jina la ukoo, alazimike kuupima uchungu wa mjane aliyenyang'anywa kiti cha mwanawe, na asipoufahamu apoteze alama, ni jambo ambalo babu yake angelistaajabia mno. Nami nalihesabu kuwa miongoni mwa mema makubwa yaliyopata kutendwa na wale waliopewa amana ya kuwachagulia watoto wetu vitabu.

Kitabu chenyewe ni The River and the Source, kilichotolewa Nairobi mwaka 1994, na mtungaji wake ni Margaret Atieno Ogola, mzaliwa wa Asembo katika nchi ya Siaya. Mwaka 1995 kilitunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta, na mwaka huo huo kikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza kilicho bora katika Afrika. Mwandishi huyu hakuwa mtu wa kukaa akingoja ilhamu imshukie, maana alikuwa tabibu wa watoto, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwa miaka mingi aliwauguza mayatima wenye virusi vya UKIMWI katika makao ya Cottolengo, Nairobi. Tena alikuwa mke na mama. Alifariki Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Hadithi yake aliipata kwa mama yake, naye mama aliipata kwa waliomtangulia, na jambo hilo nitalirejea, kwa kuwa linatuhusu sisi wa vilimani kuliko tunavyodhani.

Huenda msomaji akauliza: Mosocho ina haki gani juu ya hadithi ya Wajaluo wa Yimbo na Sakwa? Ina haki ya jirani. Tangu zamani za mababu, nafaka ya wimbi ya Wagusii, watu wa vilima hivi vya Kisii, iliteremka kwenda ziwani, na mifugo na vyungu vya Wajaluo vikapanda kuja milimani. Na watu waliouziana chakula wakati wa njaa hawakosi kufahamiana desturi. Tofauti za makabila haya mawili ni dhahiri, za lugha na za jando, walakini katika habari ya mwanamke, yaani mahari yake, kazi yake ya shamba, hofu yake ya kukosa mtoto wa kiume na hali yake baada ya mumewe kufa, aliyelelewa Kisii huusoma ukurasa wa Ogola na kumtambua shangazi yake.

Akoko, yule bibi wa vizazi vyote, ndiye nguzo ya kwanza ya riwaya. Ni binti wa Odero Gogni, mtawala wa Yimbo, naye alipendwa na baba yake kuliko ilivyokuwa mazoea ya wanaume wa zama zile kuwapenda mabinti. Owuor Kembo, mtawala kijana wa Sakwa, alipokuja kumposa, mahari iliyotajwa ilikuwa ng'ombe thelathini, kiasi kilichowashangaza waliokuwapo, naye Owuor akaikubali. Akaishi na mke huyo mmoja, asimwongezee mwenzake, ijapokuwa mama yake mwenyewe alimshurutisha na hata kumsingizia Akoko uchawi. Hapa wasomaji wengi hupita upesi wakidhani ni hadithi tamu ya mapenzi tu. Mimi nasema pana hoja nzito, nayo ni kwamba Akoko hapati heshima kwa kuiasi mila. Huipata ndani ya mila ile ile, kwa kazi ya mikono yake iliyomtajirisha mumewe, kwa ulimi wake usioogopa haki, na kwa mume aliyetambua thamani ya alichonacho.

Msiba ndio uliomjaribu. Mwanawe mkubwa, Obura, alivutwa na habari za dunia ya wazungu akaenda zake, akafia katika Vita Vikuu vya kwanza. Mumewe akafariki. Mwanawe wa pili, aliyerithi utawala, akasakamwa na mwiba wa samaki akafa, akaacha mtoto mchanga. Shemeji yake Otieno akakikalia kiti na kuifuja mali. Akoko, mwanamke asiye na mume wala mwana wa kumsimamia, akafunga safari ya miguu kwenda Kisumu kumshitaki shemeji yake mbele ya serikali ya kikoloni, na serikali ikamsikiliza. Ni safari ya ajabu kuisoma, kwa kuwa yule mgeni aliyeivamia nchi ndiye aliyegeuka kuwa mlango pekee uliobaki wazi kwa mjane, na Ogola hakuuficha ukweli huo hata kama ni mchungu kwa wenye kuipenda nchi yao.

Wagusii wanaye mwanamke wa zama hizo hizo, ila huyu aliishi kwelikweli na jina lake limo katika historia: Moraa, mke wa Ngiti, mwenye kuagua na kutabiri, aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa, na kwa maneno yake mmoja wao, Otenyo, akamchoma mkuki Northcote, mwakilishi wa serikali ya Kiingereza, Januari 1908. Serikali ikalipiza kisasi kwa moto na risasi, na watu wengi wakapotea. Moraa aliielekea serikali hiyo kwa hasira ya nchi yake. Akoko wa riwaya aliielekea kwa shauri lake la nyumbani. Watoto wetu wakifundishwa wawili hawa pamoja, hawatathubutu kusema kwamba mwanamke wa kale alikuwa kimya na kwamba sauti aliletewa na shule.

Wala mabinti wa Kigusii hawakuwa kimya baada ya hapo. Mahari ilipopanda mno, hususan katika miaka ya 1940, ikawa kijana maskini hawezi kuoa, na baba mwenye tamaa akamchagulia binti yake mzee mwenye zizi lililojaa, wasichana wengi walitoroka na vijana waliowapenda, na baba zao wakafungua mashitaka. Mahakama za Kisii zilijaa kesi za namna hiyo kwa miongo mingi, hata mwanahistoria Brett Shadle akaziandikia kitabu kizima mwaka 2006. Yeyote asomaye kumbukumbu hizo huona jambo ambalo riwaya imelisema kwa njia yake: mabadiliko ya hali ya mwanamke hayakushuka kutoka mjini kama mvua, yalianza katika boma, kwa msichana aliyekataa. Tena palikuwapo mila ya Kigusii ambayo mgeni huistaajabia sana: mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kuchukua ng'ombe wa mahari ya binti zake, akamwolea nyumba yake mke, na watoto wa mke huyo wakawa watoto wa nyumba ile, wenye kurithi ardhi yake. Mabinti, kwa mahari yao, ndio waliolisimamisha jina la nyumba isiyo na wana. Na Akoko, lau angezaliwa huku Kitutu, katika nchi ya Wagusii, pengine asingelazimika kutembea mpaka Kisumu.

Juu ya Nyabera, binti wa Akoko, na Awiti, mjukuu wake, sina maneno mengi, si kwa kuwa hawastahili. Nyabera alifiwa na mume na watoto, akarithiwa na mwanamume asiyemfaa, mwisho akakimbilia misheni na kubatizwa Maria. Akoko mwenyewe akamfuata katika uzee wake, akawa Veronica. Awiti, mtoto pekee aliyesalimika, akawa Elizabeth na mwalimu wa shule, akaolewa na Mark Sigu. Katika vizazi hivi viwili dini na kitabu viliingia nyumbani kwa mkono wa mwanamke mwenye majonzi. Kwetu pia milango ilikuwa hiyo hiyo: Wamisionari wa Mill Hill walianza kazi Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911, na Waadventista hawakukawia kufuata; na nyanya wengi waliojifunza kusoma walijifunza kwa sababu ya ubatizo kabla ya kujifunza kwa sababu ya cheti.

Basi tumefika kwa pacha, Vera na Becky, mabinti wa kwanza wa Elizabeth na Mark, na hapa ndipo moyo wa riwaya ulipo kwa msomaji wa leo. Wamezaliwa siku moja, wamenyonya maziwa mamoja, wamevaa nguo zinazofanana, wamepelekwa shule bila ubaguzi na wazazi walioamini kwamba binti ana akili kama kaka yake. Vera ni mtulivu, mwenye bidii, mpole kwa wadogo zake. Becky ana uzuri unaowageuza watu shingo, na tangu utotoni ameona kwamba uzuri huo hufungua milango, akaacha kutafuta ufunguo mwingine. Kijana anayempenda Vera, Tommy, anavutwa na Becky, na Becky hamrudishi kwa mwenyewe. Vera analia, kisha anasimama. Anasomea uhandisi wa umeme, kazi ambayo bibi yake mzaa bibi asingeweza hata kuikisia, na baadaye anayatoa maisha yake kwa Mungu katika jumuiya ya Opus Dei, asiolewe. Becky anakuwa mhudumu wa ndege, anaolewa na John Courtney, Mkanada, anazaa watoto wawili, ndoa inavunjika, na UKIMWI unamwua.

Nimewasikia watu waliokwisha soma wakiifupisha habari hii kwa neno moja: mwema alipona, mbaya akafa. Hukumu hiyo naiona ni ya haraka. Ni kweli kwamba Ogola amekuwa mkali kwa Becky, na nathubutu kusema amekuwa mkali kupita kiasi, maana binti aliyefungwa na sifa za watu tangu akiwa mchanga, asiyepata kusikia akisifiwa akili wala subira, alistahili mtungaji ampe kurasa nyingi zaidi za kujieleza. Sehemu ya mwisho ya kitabu inakwenda kwa haraka, na mara nyingine mwalimu wa dini humpita msimulizi. Lakini mtazame mwandishi. Alikuwa daktari aliyewaona mama wakifa na watoto wao wakiachwa mikononi mwake. Aliandika kitabu hiki miaka mitano kabla Serikali ya Kenya haijatangaza, mwaka 1999, kuwa UKIMWI ni janga la taifa, wakati ambapo ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong'ona na maiti zilizikwa kwa majina ya maradhi mengine. Kuliandika jina la gonjwa lile katika aila ya waumini, nyumba ya mwalimu, ukoo wa watawala, kulikuwa tendo la ushujaa. Na watoto wa Becky hawakutupwa: kaka yake Aoro na mkewe Wandia, wote madaktari, waliwachukua wakawalea kama wao. Wandia ni Mkikuyu aliyeingia katika ukoo wa Kijaluo. Yaani nyumba ya Akoko iliwapokea watoto wa binti aliyepotea kwa mikono ya mke aliyetoka kabila jingine. Asomaye Becky na asifike hapo hajamsoma Becky.

Upande wa pili wa ziwa hili hili, kisiwani Ukerewe, Euphrase Kezilahabi alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1971 riwaya ya Kiswahili juu ya binti mkubwa katika nyumba ya dada kadhaa. Rosa wa Rosa Mistika alilelewa kwa ukali wa baba mlevi, asiruhusiwe kuzungumza na mvulana, na alipopelekwa shule za mbali uhuru ukamkuta hana silaha, ukamwangamiza; kwa uwazi wake kitabu kile kilizuiwa kwa muda kisisomwe katika shule za Tanzania. Waandishi wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wanaotenganishwa na miaka ishirini na mitatu na mpaka wa nchi, wote wawili wamemwua binti aliyeonja uhuru. Tofauti iko katika dada. Dada za Rosa ni wadogo wanaotazama. Hawana la kufanya. Becky anaye Vera, aliyezaliwa naye saa moja na kupata nafasi zile zile, na kwa kumweka Vera pale Ogola amelivunja dai la wale wasemao kwamba shule huwaharibu wasichana. Ikiwa shule ndiyo iliyompoteza mmoja, mbona haikumpoteza mwenziwe? Mzazi aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kumnyima binti yake karo hakipati katika kitabu hiki.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee Mosocho, mahali ambapo utu uzima wa msichana ulipimwa zamani kwa kisu. Wasichana wa Kigusii walitahiriwa wangali wadogo, aghalabu kabla ya umri wa miaka kumi, mwezi wa Novemba au Desemba, wakatawishwa kwa muda wakifundwa na wanawake wakubwa, kisha wakatoka kwa nyimbo na karamu. Katika mafunzo yale palikuwa na mengi ya murua: heshima, subira, namna ya kuamkia wazee na kutunza nyumba. Lakini palikuwa na damu, na palikuwa na madhara yaliyojidhihirisha miaka mingi baadaye wakati wa kujifungua. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2008 na 2009 ulikuta kwamba wanawake wa Kigusii 96 katika kila mia, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa mwaka 2014 ukawakuta 84. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza jambo hilo kwa watoto, na sheria ya mwaka 2011 ikalipiga marufuku kabisa, ila wapo waliohamisha kisu kutoka kwa mkunga wa kijijini wakakipeleka kwa muuguzi mwenye glavu, wakadhani wamesafisha dhambi.

Jina la Mosocho lilifika hata Ulaya kwa sababu ya jitihada ya kuikomesha desturi hii, kwa mradi ulioanzishwa mwanzoni mwa karne hii pamoja na chama cha Wajerumani kutoka mji wa Fulda. Lililo la kusifiwa katika mradi ule ni kwamba waendeshaji wake hawakuanza kwa kutisha na kulaani. Waliwakusanya walimu, akina mama, na wanaume pia, wakawafunza kwa muda mrefu habari za mwili na za utu, mpaka wenyewe wakafikia uamuzi wa kuacha. Kwa sababu hiyo na nyingine, ziko leo nyumba za Kigusii ambamo dada mkubwa alikatwa na mdogo wake akaachwa. Wawili hao si pacha, lakini wametengana kwa tukio moja kama Vera na Becky walivyotengana kwa tabia, na namna watakavyozungumza usiku jikoni, mmoja akijiuliza alikosa nini na mwingine akijiuliza kama wenzake watamcheka, ni mada ya riwaya ambayo Ogola hakuiandika, kwa kuwa Wajaluo hawakuwa na mila hiyo.

Ndiyo maana nilisema nitarejea kwenye chimbuko la hadithi yake. Mwaka 1995, Ogola alisimama Beijing, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake, akautetea utukufu wa mwanamke wa Kiafrika. Naye hakuwa na elimu nyingine ya jambo hilo iliyozidi ile aliyoipokea kwa mama yake, habari za wanawake wa ukoo zilizopokezwa mdomo kwa mdomo. Wamarekani wanao dada wanne wa riwaya ya Louisa May Alcott tangu mwaka 1868, na mpaka leo mabinti wa dunia nzima huwasoma, kwa sababu mwanamke mmoja aliwatia katika karatasi dada zake mwenyewe na umaskini wao bila kuona haya. Nchi ya Kisii na Nyamira ina vyuo, ina walimu wa fasihi, ina waandishi wa mashairi na tamthilia. Ila riwaya kubwa ya mabinti wa Kigusii, itakayowaweka katika nyumba moja Moraa na wasichana waliotoroka mahari, mama aliyeolewa na mjane, dada aliyekatwa na dada aliyeachwa, na yule aliyehitimu akarudi kulima chai ya baba yake kwa haki ya urithi anayopewa na Katiba ya mwaka 2010, bado sijapata kuisoma.

Kwa hiyo neno langu nalielekeza kwako wewe msichana wa kidato cha tatu au cha nne, wa Mosocho au wa Nyamira, na kwako mvulana pia, kwa maana uliyejifunza kumsikiliza Akoko huna udhuru wa kutomsikiliza nyanya yako. Likizo ijayo, mwombe akueleze aliolewa kwa ng'ombe wangapi, nani aliyemchagulia mume, nani alimfundisha kusoma au nani alimkataza, na dada zake walikwenda wapi. Andika anavyosema, kwa Ekegusii chake au kwa Kiswahili, usimrekebishe. Waliozaliwa wakati wa kesi zile za mahari wamebaki wachache, na kila mwaka hupungua.